Alama ya Kidole

"Tumbo limekwisha, baba, lakini mapaja na nyonga viko palepale," Celia alilalamika, akivua raba zake kizingitini. "Miezi mitatu nakimbia njia ya Mikindani, korosho nimeacha, mihogo ya kukaanga nimeacha. Na sasa hata vifundo vya miguu vimejaa."

Mzee aliweka chini kikombe chake cha chai.

Marehemu mkewe alisema hivyohivyo. Mganga mfawidhi wa zahanati, hata kumgusa hakumgusa, alimwambia, "Mama, punguza kula." Akapunguza. Kumbe yalikuwa maji, moyo umechoka. Amezikwa, na bwana yule mpaka leo yuko kitini.

"Lete mguu."

"Baba, una nini tena?"

"Lete, nimesema."

Akabonyeza kidole gumba juu ya mfupa wa muundi, pale ambapo kwa mkewe shimo lilibaki kama kwenye unga uliokandwa. Alihesabu hadi kumi, na bado hakutaka kukiondoa.

Akakiondoa. Nyama ikarudi juu, kana kwamba hakuna aliyeigusa.

"Mafuta," alisema. "Ni mafuta tu, mwanangu. Kakimbie."

"Sasa mbona unalia, baba?"