Jiko la Hatua Sita

Kinga ni bora kuliko tiba, isipokuwa kinga hiyo ikiwa ya wifi yako.

Gaudiosa alikuwa juu ya paa la jiko lake jipya, akifunga nyasi za mwisho, bwana wa bima aliporudi kutoka Songea na mkataba wa wifi yake wa jirani. Wiki iliyopita bwana huyo aliisifu nyumba ya wifi, ya tofali na bati, kisha akaitazama ya Gaudiosa na kucheka. Nyumba ya nyasi, alimwambia, hakuna kampuni inayoipa bima, na ikiwa karibu humpandishia jirani ada.

Sasa alihesabu hatua kutoka ukuta wa wifi hadi jikoni. Sita.

"Ada itakuwa mara mbili, mama."

Wifi, aliyekwisha kutamba kanisani kwamba nyumba yake hata ikiungua itajengwa upya, alifunga mkoba polepole.

"Kiwanja chote hiki, wifi, umeona hapa tu?"

"Hapa hakuna upepo. Ukuta wako unanikinga."

"Ezua. Halafu uniombe radhi."

Gaudiosa alitazama viganja vyake, vilivyochanwa na nyasi hadi damu. Akashuka, akaingia jikoni, akawasha moto.

"Siombi," alisema.