Simu Inayosoma Mawazo

Itangazwe kwa wazee, vijana na mbuzi: leo mjini imewasili simu inayosoma mawazo! Ndivyo ulivyosema ubao mlangoni pa duka la Shemdoe. Shemdoe mwenyewe aliusoma akashangaa, ila kwa kuwa watu walishajaa, hakuufuta.

Bi Mwanakheri, fundi cherehani, alisukumana hadi mbele. Macho yake yalikuwa yakififia. Kila asubuhi aliita watoto wa jirani wamtungie uzi kwenye sindano, na wateja walishaanza kunong'ona.

"Mama, hii inapiga picha hadi mwezi!" Shemdoe alimwambia, akiinua simu mpya.

"Kuna mteja kaniletea mwezi niukunje pindo?"

"Inasoma na mawazo," Shemdoe alisema, akitazama dari.

"Ingekuwa imeshajua ninachotaka."

Bi Mwanakheri alichomeka sindano kwenye kitambaa, akaitazama kupitia simu yake ya zamani. Ukungu mtupu. Akaichukua mpya, akaisogeza karibu kabisa. Tundu la sindano likafunguka kiooni kama mlango. Hilo hata Shemdoe hakulijua.

Watu wakaacha kusukumana. Lakini mkono wenye simu ulitetemeka, na uzi ukakosa tundu, ukakosa tena.

"Nani kaandika ubao ule?" aliuliza bila kuinua macho.

Duka zima liligeuka nilipojibanza kando ya mlango, likatazama vidole vyangu, vyeupe kwa chaki.

"Shikamoo, Bi Mwanakheri. Ni mimi."

"Marahaba. Njoo unishikie simu, na usicheke."

Nikaishika kwa mikono miwili. Kiooni, uzi ulikuwa unaukaribia mlango.