Insha ya Kakakuona Kuhusu Siri

Shule ya wanyama ilitangaza shindano la insha kuhusu maadili ya kutumia simu. Kakakuona, mpole asiye na rafiki, aliandika: "Siri ya mtu isisambazwe bila ruhusa yake. Mimi mwenyewe kila jioni huzungumza na kichuguu kilicho nyuma ya shule, kwa kuwa sina mwenzangu. Sijawahi kumwambia mtu."

Akaipeleka kwa Mwalimu Korongo. "Mwalimu, naomba uisome peke yako."

"Ondoa shaka, mwanangu. Kwangu haitoki."

Korongo aliisoma hadi machozi yakamlenga. Akaipa nafasi ya kwanza, na papo hapo akaituma kwenye simu za msitu mzima. Juu yake aliandika: "Someni, mjifunze kutunza siri za wenzenu."

Kutwa nzima simu ya Kakakuona ililia kwa pongezi. Alizijibu zote, kisha akakaa akisubiri labda mmoja atabisha hodi. Hakuja mtu. Jioni akaenda zake kwenye kichuguu.

Alikuta umati umekizunguka, wanapiga picha. Tumbili, ambaye asubuhi alimwandikia "tuko pamoja, ndugu yangu", alimsukuma kwa kiwiko bila kumtazama.

"Sogea kidogo, bwana. Unatuzibia kichuguu cha Kakakuona."

Kakakuona akasogea.