Ada ya Usingizi

Shule za binafsi zilikuwa zimeacha kupokea fedha. Zilichukua usingizi wa mzazi, zikamtilia mtoto kichwani pamoja na hesabu. Za serikali zilibaki bure: wanafunzi mia darasani, na mwalimu anayesinzia kwa hiari yake.

Mwanne alikuwa akimlipia binti yake Tausi nusu ya kila usiku. Kwa kukosa usingizi, alishatia chumvi kwenye chai, na juzi alimwogesha kuku kwa sabuni ya mtoto. Sasa ilikuwa zamu ya mdogo wake Tausi, Shomari, na mashine ya usajili ilingoja mezani.

"Mpeleke ya serikali, mama Tausi," mumewe alisema. "Ukimlipia na huyu, utalala lini? Kaburini?"

"Si ulipe wewe!"

"Walinipima. Wakasema usingizi wangu una mikoromo, utaharibu watoto."

Mwanne akacheka kwa uchovu, akapeleka kidole kwenye kitufe cha shule ya serikali.

"Mama," Tausi akasema, "jana walinitilia na ndoto yako. Umelala kwenye nyumba nzuri, kimya kabisa."

"Na nyie mlikuwa wapi?"

"Hatukuwepo. Ulikuwa unatabasamu."

Kidole cha Mwanne kikahama upesi, kama cha mwizi aliyefumaniwa, kikabonyeza cha binafsi.