Ukuta Usiojua Matanga

Walimzika Bi Mkubwa asubuhi, na alasiri ukuta wa chumba chake ukaanza kusogea. Ndiyo sheria ya maghorofa yote ya jiji: wakazi wakipungua, nyumba hupunguzwa, na nafasi hupewa jirani.

“Matanga hayajaanuliwa,” Siwema, mkwe wa marehemu, alimwambia msimamizi wa jengo. “Kaburi bado bichi.”

“Pole, mama. Ukuta unajua vichwa, haujui matanga.”

“Basi leo utajua migongo.”

Ukuta ule haumsukumi mtu aliyeuegemea. Siwema akatandika mkeka, akaketi, akauegemea. Ukuta ukasimama. Wanawake wa msibani wakaketi pembeni yake, wakaahidi kupokezana mpaka siku ya tatu.

“Ungekuwa na haya, ungerudi ulikotoka,” Bi Mashavu aliuambia ukuta, wakacheka.

Jioni Bi Mashavu huyohuyo akainuka, akajifunga khanga. “Unisamehe, shoga. Nisipolala kwangu, nami nitapunguzwa.”

Wakaondoka mmoja mmoja, kila mtu akiwahi kuta zake.

Siwema akabaki peke yake, meno ameyauma kwa hasira. Nyuma ya mgongo wake ukuta ulitetemeka taratibu, ukimsubiri asinzie.