Gogo Lililobaki Uani

Kazi ya Lukelesha ilikuwa kusimika matimba, yale magogo yanayozuia kuta za duara, shimo la mgodi, zisiwaangukie wachimbaji wa dhahabu. Aliyapima kwa kuyagonga nyundo na kusikiliza. Jumamosi, gogo moja lililia kama debe tupu.

"Shemeji, hili limeoza," alisema Nkwabi, aliyekuwa akichimba chini yake.

Lukelesha alikuwa ameshakata jingine, liko uani kwake. Kulibeba mpaka mgodini jioni ile aliona uvivu.

"Litashika mpaka Jumatatu," alijibu, akapanda juu.

Halikushika. Jumatatu walimzika Nkwabi, na msiba ukawa kwa Lukelesha, maana marehemu alikuwa mume wa dada yake.

Mchana kuni ziliisha, maharage ya waombolezaji hayajaiva. Dada yake, Mindi, aliyekaa mkekani, akalitazama gogo lililoegemea ukuta.

"Kaka, lile lina kazi?"

Lukelesha aliinuka.

"Halina."

Akachukua shoka. Lakini kabla hajalipasua, mkono wake uliligonga gogo kwa nyuma ya shoka, kwa mazoea tu, na sikio likasikiliza. Lililia zito, zima kabisa.

"Mbona hukati?" aliuliza Mindi.