Kioo Namba 417

Kwanza msichana wa usafi aliona namba ya kioo kilichokuwa chini ya darubini: 417, ikitazama dirishani. Kisha akaitambua. Ndiyo iliyokuwa kwenye kadi ya hospitali ya shangazi yake.

Akaendelea kufuta meza.

Bingwa, msomaji wa vioo pale maabara, alikuwa amebana simu begani, akicheka. Alishawahi kumfundisha msichana huyo kwa mzaha. "Njoo uone, msomi wa darasa la tano! Seli za saratani zina makelele. Zinapelekeana habari: gawanyika, gawanyika! Rangi ya kahawia ndiyo inayoziumbua. Zilizo salama hubaki buluu, hata bila darubini unaona." Kila kioo kilibeba vipande viwili vya utumbo. Namba ielekee mlangoni, alisema, na kipande cha upande huo ni cha mgonjwa. Cha pili ni cha marehemu fulani aliyekufa kwa saratani. Huwekwa kupima kama dawa ya rangi bado ina nguvu.

Bingwa aliinamia darubini, akatazama upande wa mlango, mara moja tu.

"Kahawia tupu," alisema. "Huyu akatwe upesi."

Msichana alitupia jicho kipande cha upande wa dirisha, akakamua kitambaa chake.

Hilo darasa la tano lenyewe, shangazi ndiye aliyelikatiza. Siku aliyomtoa shule aliwasha jiko kwa madaftari yake, moja baada ya jingine, huku akimwamuru apulize moto.

Wiki ileile ya kioo 417, shangazi alikatwa utumbo. Alirudi nyumbani na mfuko wa plastiki ubavuni, choo kikipitia humo, na daktari alisema ndivyo itakavyokuwa hadi mwisho wa maisha yake. Msichana alimwosha, akamlisha, akambadilishia mfuko asubuhi na jioni bila kukunja uso. Majirani wakasema mtoto wa kaka amewashinda wa kuzaa.

Siku moja shangazi alimshika mkono, machozi yakimlenga.

"Nilikunyima shule, mwanangu, nawe umenipa uhai. Bila maabara yenu ningekuwa udongoni sasa. Mbona huniambii kitu? Hata unitukane, basi!"

Msichana alibandika mfuko mpya, akapapasa kingo zake taratibu mpaka zikashika.

"Namba yako ilitazama dirishani, Shangazi," alisema. "Kipande chako kilikuwa buluu."